Bwana Usingizi, fundi wa magodoro ambaye hakuwa akilala

Ngo. Ngo. Ngo.

Ni kastabini ya chuma, ile kofia ya kidole ya mshonaji, inayogonga ubao wa kitanda, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Saa kumi na moja alfajiri haijatimia. Nje bado giza, na hata jogoo wa nyumba ya pili hajaamua kama atawika.

Upande wa pili wa kitanda, mwanamume mwenye mabega mapana anashtuka, anavuta pumzi ndefu kwa mdomo kama aliyeibuka kutoka majini, kisha anageukia ubavu.

"Vuta, baba watoto," mkewe anamwambia. "Vuta, nipo."

Hamgusi. Zamani alikuwa akimtikisa bega, naye akiamka na hasira za mtu aliyekatiziwa ndoto. Baadaye mama huyu akagundua kwamba mlio mdogo wa kastabini unamrudishia mumewe pumzi bila kumwamsha kabisa. Huu ni mwaka wa nne analala akiwa ameivaa kidoleni.

"Wenzangu wanalala na pete," anasema, akicheka kwa sauti ya chini. "Mimi nalala na kazi."

Mtaani wanamwita Mama Foronya, kwa sababu yeye ndiye hushona foronya na maganda ya magodoro ambayo mumewe huyajaza sufi. Mumewe ana miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia akiwa fundi wa magodoro. Jina lake la mtaani linajulikana hata na watu wasiowahi kumwona: Bwana Usingizi.

Leo Bwana Usingizi ana miadi hospitalini. Madaktari wanataka kumtoa nyama zilizoota ndani ya pua, zilizoziba njia zote mbili. Lakini hawawezi kumlaza kwenye meza ya upasuaji wakati presha yake iko juu, na mara mbili wamemrudisha nyumbani. Hii ni mara ya tatu. Presha ikiwa chini ya 160 kwa 100, atapangiwa siku. Ikigoma, atarudi kwenye foleni na kungoja miezi mitatu mingine.

"Sijui kama tunayo hiyo miezi mitatu," Mama Foronya anasema, akikunja shuka. "Mimi naweza kugonga ubao. Je, moyo wake utaweza kuitikia kila nikigonga?"

Chumba cha mbele ndicho karakana. Ukutani zimening'inia sindano nne, ndefu kama mkono wa mtoto. Kuna mti mnene wa kushindilia sufi, laini kwa sababu ya kushikwa, na marobota mawili yaliyofungwa kwa kamba. Karibu na mlango limetandikwa godoro la maonyesho, lenye kitambaa kizito cha mistari ya buluu, katikati limebonyea kidogo.

Kabla hajagusa chochote, fundi anainama juu ya beseni. Anamimina maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwenye tundu moja la pua, kutoka kwenye birika dogo. Kwa mtu mwenye pua nzima, maji hayo yangetokea tundu la pili. Kwake yanarudi yalikotoka.

"Leo limepita tone moja," anamtangazia mkewe.

"Tone moja si haba," mkewe anajibu. "Jana halikupita hata hilo."

Ananyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiruke, anafunga barakoa, na kufungua dirisha na milango yote miwili. Ndipo anapoanza kuchambua sufi, akizipasua nyuzi kwa vidole na kuzitupa kwenye ganda la godoro. Hata kwa tahadhari hizo, baada ya muda nyusi zake zinakuwa nyeupe kama za babu wa miaka tisini.

Kwa miaka zaidi ya ishirini hakufunga kitu usoni. "Vumbi la sufi halina harufu, halichomi, halina ubaya unaouona," anasema. "Ni kama mgeni mpole. Anaingia, anakaa, siku unayogundua hataki kuondoka, tayari ameshaleta ndugu zake."

Pua ilianza kwa mafua yasiyokwisha. Ikafuata kuzibwa upande mmoja, kisha pande zote mbili. Akajifunza kupumua kwa mdomo, kula kwa vituo, akivuta pumzi kati ya tonge na tonge kama mpanda mlima, na kuzungumza kama mtu aliyejibana pua kwa makusudi. Kwa miaka sita sasa hajasikia harufu ya kitu chochote. Mkewe aliwahi kuunguza sufuria naye amekaa hatua mbili kutoka jikoni, anapiga mluzi.

Na akaanza kukoroma.

Hapo ndipo penye kisa cha jina lake. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa akijinyoosha juu ya lile godoro la mlangoni. Dakika mbili haziishi, mkoromo umeanza. Watu wa mtaa wanasema ulikuwa mkoromo wa kuheshimika, unaopanda, unakata kona, unashuka. Wapita njia walisimama. Wengine walicheka, wengine waliingia.

"Mteja anauliza, 'Mama, hili godoro lina nini?'" Mama Foronya anakumbuka. "Namwambia, 'Sikiliza mwenyewe.' Anasikiliza. Kisha ananiambia, 'Nataka hilo hilo analolilalia.' Hataki lingine! Ilibidi nimwamshe mume wangu, niuze godoro, nimtandikie jipya, aanze upya."

Kwa wiki walikuwa wakiuza magodoro matano, na msimu wa harusi hata manane. Fundi mwenyewe alijivuna. Alikuwa akiamini, kama mtaa mzima ulivyoamini, kwamba anayekoroma sana ndiye amelala sana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu huyo mwenye usingizi mtamu kuliko wote anaamka na kichwa kinachobana kama kofia ya mtoto, wala kwa nini anasinzia akishona mpaka sindano inamwingia kidoleni.

Mama Foronya anaipima foronya kwa shubiri.

"Mkoromo wake ulikuwa tangazo letu," anasema. "Nimeuza magodoro kwa shida ya mume wangu, mwanangu, na sikujua. Ningejua ningefunga duka."

"Usingefunga," mumewe anamtania kutoka nyuma ya barakoa. "Ungepandisha bei."

Kilichowafumbua macho ni kinundu.

Miezi kumi na moja iliyopita, mama mmoja mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alisimama mlangoni bila kuketi. Alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na watu wote bado humwita Sista. Anaishi peke yake mtaa wa pili. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amenunua godoro.

"Fundi," alisema, "godoro lako linanichoma mbavuni."

"Haiwezekani, Sista. Hilo nimelijaza mwenyewe."

"Ndiyo maana nimekuja kwako mwenyewe."

Alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kichupa kidogo cha plastiki. Alikuwa ameufumua mshono mwenyewe na kukitoa katikati ya sufi.

Fundi alijipapasa mfuko wa aproni, ukawa mtupu. Kilikuwa kichupa chake cha matone ya pua. Alikuwa amesinzia akishindilia, kikadondoka, naye akakishonea ndani ya godoro la mteja. Wiki nzima alikuwa akimlaumu mkewe kwamba amekitupa.

Mkewe alipoona kile kichupa, aliweka mikono kiunoni. "Haya sasa. Niombe radhi mbele ya shahidi."

Fundi aliomba radhi, akacheka, akadhani yamekwisha. Sista hakucheka. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye kichupa, amekisogeza mbali na macho.

"Haya unayatumia tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo ni siku ngapi?"

"Miaka sita, Sista. Bila hayo pua haifunguki hata kidogo."

"Na kwa siku unatia mara ngapi?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. "Kila saa mbili hivi," fundi alisema. "Pengine na katikati yake."

Sista aliketi. Aliwaeleza pale pale, kwa lugha ya kawaida, kwamba matone ya aina ile ni ya siku chache tu, tatu hivi. Yanafanya kazi kwa kuikaza mishipa ya damu puani. Yakizidi muda, pua inayazoea, inavimba zaidi kila yanapoisha nguvu, na kwa baadhi ya watu yanaweza kuipandisha presha pia.

Kisha akauliza swali ambalo Mama Foronya anasema lilimshika moyo. "Akikoroma, huwa ananyamaza katikati?"

"Ananyamaza, ndiyo. Ndipo nagonga ubao."

"Ananyamaza kwa muda gani?"

"Mpaka nimalize kusema 'vuta, baba watoto' mara kumi, kumi na mbili."

Kesho yake Sista alirudi na mashine yake ya kupimia presha. Kipimo kilisoma 184 kwa 112. Alimwambia fundi aende hospitali siku ile ile. Fundi akasema atakwenda akimaliza oda. Kama mjuavyo, oda za fundi haziishi.

Hapo ndipo Sista alipoanza ujanja wake. Wiki iliyofuata alituma ujumbe kwamba godoro lina kinundu kingine. Fundi akaenda na sindano yake, akafumua, akapapasa, hakuona kitu. Kabla hajaondoka, chai ikawa tayari, na kabla chai haijapoa, mkono wake ukawa umevalishwa mpira wa mashine. Wiki ya pili, kinundu. Wiki ya tatu, kinundu.

Mama Foronya alijua tangu siku ya kwanza, akakaa kimya. Mara nyingine ndiye aliyeupeleka huo ujumbe.

"Mara ya nne nikamuuliza," fundi anasimulia. "Nikamwambia, 'Sista, sema kweli. Mwenye vinundu ni godoro au mimi?' Akanijibu, 'Godoro nilishalitibu, fundi. Umebaki wewe.'"

Siku iliyofuata alikwenda hospitali, Sista kulia, mkewe kushoto, kama mtuhumiwa.

Daktari wa masikio, pua na koo alimulika ndani ya pua akaziona nyama hizo, laini, zimejipanga kama zabibu. Halikuwa jambo la kutisha lenyewe, aliwaambia. Kilichomtisha ni yale yaliyofuatana nalo. Alimpa fundi kifaa cha kuvaa kidoleni akiwa amelala nyumbani, na asubuhi yake karatasi ikaonyesha kwamba hewa ilikuwa ikipungua mwilini mwake mara thelathini na moja kwa kila saa moja ya usingizi.

"Pua ikiziba, mtu hulala mdomo wazi," daktari alieleza. "Ulimi na koo vinalegea kwa nyuma, njia inafunga, hewa inakatika. Ubongo unapiga kengele, moyo unashtuka na kusukuma damu kwa nguvu. Mgonjwa anapata hewa, analala, inafunga tena. Huo moyo unapumzika saa ngapi?"

Aliwaonya pia wasichukulie mambo kwa pupa. Si kila aliyezibwa pua ataugua moyo, alisema, na kuifungua pua peke yake hakutibu presha. Vidonge vya presha alivyomwandikia ataendelea navyo, na kipimo cha usingizi kitarudiwa baada ya upasuaji. Pengine atahitaji msaada mwingine. Lakini ni lazima kuanzia mahali, na mahali penyewe ni puani.

Fundi aliyaelewa kwa namna yake. "Nikamwambia, daktari, yaani moyo wangu umekuwa ukishindilia sufi kwenye foronya iliyoshonwa mdomo. Akasema ndiyo, hivyo hivyo."

Kuyaacha matone ndiko kulikomtoa jasho. Siku kumi za kwanza pua ilijifunga kama mlango wa hazina, dawa mpya ya kupuliza puani aliyopewa na daktari ikawa bado haijashika. Alilala akiwa amekaa. Alipoanza kulala tena kitandani, mkewe alimshonea mto mrefu wenye mteremko. Nyuma ya fulana yake ya kulalia akampachika mfuko uliojazwa sufi ngumu, saizi ya chungwa, ili akitaka kulala chali umsukume arudi ubavuni.

"Kanishonea kibiongo," fundi analalamika.

"Na ukikitoa nitakushonea cha pili," mkewe anamjibu.

Lakini kuna jambo ambalo Bwana Usingizi analisimulia polepole, macho yake yakiwa kwenye sindano. Kabla ya miadi ya pili alinunua kichupa kingine kwa siri. Alikificha ndani ya mto, akajifumulia tundu dogo pembeni na kuliziba kwa mshono wake mwenyewe. Alisahau ameoa nani.

Mama Foronya aliugusa ule mto mara moja tu alipokuwa akitandika. "Mshono wangu naujua," anasema. "Ule haukuwa wangu."

Hakugomba. Mchana alipompakulia chakula, alikiweka kile kichupa pembeni mwa sahani, kama anavyoweka chumvi, akakaa akala.

"Nikalirudisha tonge sahanini," fundi anasema. "Angenitukana ningemjibu. Sasa mtu amekaa anakula, hasemi kitu. Nikaona huyu mtu miaka minne hajalala kwa ajili yangu, na mimi namficha kitu kwenye mto alionishonea yeye." Alikwenda akakimwaga chooni. Presha ya miadi ile ilikuwa 172, wakamrudisha nyumbani. Hajatia tone jingine tangu siku hiyo, sasa ni miezi mitatu na siku tano.

Saa mbili asubuhi binti yao mkubwa anafika kushika duka, mtoto mgongoni. Anatazama nyusi nyeupe za baba yake, anatikisa kichwa.

"Shikamoo, baba. Leo kliniki na bado umejimwagia sufi?"

"Marahaba. Ni kidogo tu, nimefunga barakoa."

"Nimekwambia tuuze sponji. Sponji haina vumbi."

"Sponji haina roho."

"Na wewe ukiendelea hivi, utakuwa huna roho pia. Mtalingana."

Mama Foronya anacheka mpaka anashika mlango. Fundi anakwenda kunawa uso.

Njia ya kwenda hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na wanautembea bila haraka. Fundi amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Kwenye benchi la kliniki wanamkuta Sista, mkoba mapajani. Hakuna aliyemwambia aje.

"Nilikuwa napita tu," anasema, ingawa nyumba yake iko upande mwingine kabisa.

Fundi akikaa kwenye benchi ni lazima azungumze. Ameshamuuliza mzee wa kulia analalia godoro gani, na ameanza kumshauri wa kushoto juu ya mgongo, Sista anapomgusa goti.

"Nyamaza dakika tano. Kuongea kunapandisha presha."

"Sasa nikinyamaza si nitalala?"

"Bora ulale."

Wanamwita kwenye meza ya vipimo, mbele ya benchi. Muuguzi, kijana wa kike mwenye mikono ya upole, anamfunga mpira mkononi, anabonyeza. Mashine inaguna, inajaa, inashuka. Mama Foronya hatazami kioo. Anatazama uso wa muuguzi.

"164 kwa 98," muuguzi anasoma.

Pointi nne juu ya kikomo. Mabega mapana ya fundi yanashuka kama godoro lililofumuliwa. Mkewe anamshika kiwiko.

Ni Sista anayeinama na kumuuliza sikioni, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea wodi ya watu arobaini, "Fundi, umekwenda haja ndogo tangu asubuhi?"

Benchi zima linageuka.

"Sista!"

"Jibu."

"Sijaenda. Niliogopa wataniita nikiwa chooni."

"Na miguu umekunja nne. Nenda ukajisaidie, urudi ukae miguu chini, mgongo uegemee. Kibofu kikijaa presha inapanda, sikukufundisha?" Kisha anamgeukia muuguzi, sauti yake ikilainika. "Mwanangu, samahani kwa kuingilia kazi yako. Unaweza kumrudia?"

Muuguzi anatabasamu. "Nilikuwa namrudia kwa vyovyote, Sista. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kipimo kimoja hakitoshi." Alikuwa mwanafunzi wake wodini, miaka tisa iliyopita.

Dakika kumi ni ndefu kwa mtu anayengoja. Fundi anarudi, anaketi kama anapigwa picha, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza. Safari hii hasemi neno. Anapumua kwa mdomo, taratibu, akiwa amefumba macho. Mashine inaguna.

"148 kwa 90."

"Rudia," Mama Foronya ananong'ona. "Tafadhali, mama, rudia, tusije tukafurahia uongo."

Muuguzi anarudia.

"146 kwa 88. Hii ndiyo yenyewe, mama."

Mama Foronya anajifunika uso kwa mtandio. Mabega yanatikisika, na kwa muda hata mumewe hajui kama analia au anacheka. Anavuta kiti karibu naye na kumpangusa shavu kwa kiganja chenye sugu za sindano. Yule mzee wa kulia kwenye benchi anapiga makofi mawili, kisha anaona aibu anakohoa.

Daktari anaandika kwenye faili. Fundi alazwe Jumatano, apasuliwe Alhamisi asubuhi. Anamkumbusha asiache vidonge, na asirudie ile kazi ya kuchambua sufi. Nyama zile zikipata vumbi zinaweza kuota tena.

"Nimeshalifikiria, daktari," fundi anajibu. Mpango wake ni kwamba sufi atakayoitumia ije ikiwa imeshachambuliwa na kikundi cha akina mama wenye mashine iliyofungwa, inayomeza vumbi lake yenyewe. Kushindilia pia atawaachia watu wenye pua nzima. Yeye abaki na sindano, kupima, kukata na kuufunga mshono wa mwisho. Na sponji? Anakuna kidevu. Ataweka machache pembeni, ili binti yake aache kumsema.

"Pua ikifunguka, unataka kunusa nini kwanza?" daktari anamuuliza, akifunga faili.

Fundi hafikirii. "Kichwa cha mjukuu wangu, daktari. Ana miezi minane. Wote wanamnusa, wanasema ananukia maziwa. Mimi nimekuwa nawaamini tu."

Mkewe naye ana lake. Anataka kulala mpaka jua litoke, mara moja tu, halafu aone watu waliopumzika huwa wanaonekanaje.

Wanatoka nje. Jua limeshakuwa kali, na getini watu wanaingia na vikapu vya wagonjwa wao. Hapa ndipo njia zinapoachana; Sista anaweka mkoba begani, tayari kwenda zake.

"Sista," fundi anamwita. Amesimama mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Jumatano nalazwa."

"Nimesikia."

"Saa ya kuwaona wagonjwa ni saa kumi jioni."

"Unanifundisha saa za wodi yangu! Nimefanya kazi humo miaka thelathini na miwili."

"Basi uje."

Sista anamtazama. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akimkwepa, aliyewahi kutokea mlango wa nyuma akiona mkoba wa mashine unakatiza barabara.

"Nije na mashine?"

"Mashine wanazo humo tele. Uje wewe." Anatazama chini, kisha anamtazama usoni. "Na Ijumaa, nikishapasuliwa, uje tena, dada yangu."